Mafuta ya Mbwa wa Madamu

Alunguli, Kindu, mwezi wa tano 1949

Florentin,

Funga mudomo wako kwanza. Nani alikutuma kuwaandikia wazee wa mutaa wa Mikelenge kwamba dada yako Clémentine amuache bwana yake kwa sababu ni mwizi? Wewe uko Kalima unachimba mawe ya Wazungu, mambo ya Kindu umeyajulia wapi? Sasa wazee watakaa Siku ya Mungu, misa ikiisha, kuivunja ile ndoa, kwa barua yako.

Haya, nakusalimia. Uko muzima? Kifua kimepoa? Mimi niko. Nakula, sisikii utamu. Nalala, naamuka, ni vilevile. Mutoto wako Odile anatembea, toka mukeka mupaka mulango, miguu imeanza kunyooka. Usifurahi upesi, soma mupaka mwisho. Naandika kwa mukono wangu, herufi moja moja, maana mambo haya siwezi kuyapitisha kwa mudomo wa mutu mwingine.

Ulisikia tu kwamba Hamisi, bwana yake, mupishi wa Madamu wa Kizungu kule ng'ambo ya muto, aliiba mafuta. Ile mafuta ni ya samaki, ilitoka Ulaya na chupa. Mbwa wa Madamu alikuwa anaoza mugongo, manyoya yanaanguka; munganga wa wanyama akasema apewe kijiko kimoja kila asubuhi juu ya chakula. Paka naye akazoea tone lake. Mwezi mumoja, mbwa anang'aa kama kiatu cha askari! Clémentine alituhadithia, tukacheka: mbwa anakunywa dawa, sisi tunakula sombe, majani ya muhogo tu. Kisha akasema kwamba huko kwao Madamu, watoto wenye mifupa laini wanapewa hiyohiyo. Hapo sikucheka. Mara tatu nilikuwa nimemubeba Odile mugongoni kwenda dispanseri, na mara tatu waliniambia mafuta ile haijafika.

Siku moja kizibo cha chupa kikatoka, paka akabaki kulala. Madamu akashangaa, maana alizoea kumuona anakimbilia ile harufu ya samaki. Akanusa chupa: karanga! Wakamushika Hamisi. Fimbo nane, jela miezi miwili, kazi imekufa. Walipomuuliza mafuta imekwenda wapi, alijibu kichwa chini kwamba jikoni ni yake, basi wamupige yeye. Ukaandika kwamba mutu asiyeiba hajibu vile.

Sasa sikia. Unajua mukwe na mama mukwe hawakai pamoja. Kila siku ya tatu ya juma nilikuwa napeleka mboga ya lengalenga jikoni kwa Madamu. Hamisi akiniona kwa mbali anatoka, anageuza uso, ananiachia mulango. Jikoni inabaki yangu.

Ni mimi, Florentin. Nilimimina mafuta ndani ya kibuyu, nikajaza ya karanga mahali pake, maana mawese ingeonekana kwa wekundu wake. Mara nne. Ile ya mwisho Hamisi alirudi kuchukua kisu, akaniona na chupa mukononi. Akatazama chini, akatoka. Mukwe hamuiti mama mukwe mwizi. Hamisi hata Clémentine hakumwambia.

Siku ya fimbo nilisimama nje ya uzio, kikapu kichwani. Nilizisikia zote nane. Nikarudi nyumbani na kikapu changu. Mupaka leo nangoja kulia, haiji.

Siku ya kwanza, kesho yake ya Siku ya Mungu hiyo, nitavuka muto, nimwambie Madamu. Wakinifunga, Odile alale kwa Clémentine. Kibuyuni kumebaki vijiko vitatu. Usivimwage kwa hasira, umupe mutoto. Lakini mbele ya Hamisi siwezi kusimama, ni mukwe wangu. Utasimama wewe.

Umusalimie Kalume anayekupa mahali pa kulala. Odile anakuita baba kutwa nzima, hata kuku anawaita baba.

Mama yako,
Mwamini

Panda lori ya Bakari, dereva aliyekuletea barua hii, ufike mbele ya Siku ya Mungu. Kwangu usipite kwanza. Enda kwa wazee, usimame, useme mwizi ni mama yako, utaje jina langu. Kisha uende kwenye mulango wa jela, umungoje Hamisi, miezi yake miwili inaisha juma hilo, na muzigo wake uubebe wewe.