Sahihi Iliyokuwa Ndani ya Ini

Kamina, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Salomon,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, mkeo Tshiala na watoto. Hamjambo huko Kinkondja? Shule inaendaje? Sisi tungali wazima. Baridi ya kiangazi imetushika, hata mimi asubuhi naenda sokoni na koti kama mke wa askari wa base ya jeshi. Na wewe, afya yako? Safari hii siulizi kwa desturi tu.

Barua hii anakuletea Papy, yule mchuuzi wa samaki. Nilijaribu simu mara nyingi, mtandao ukakataa. Jumapili ikaita, nikakata mwenyewe.

Salomon, nilikudanganya. Ulipokatwa uvimbe wa ini kule Lubumbashi, daktari alituma kipande chake ng'ambo kipimwe. Majibu yalifika kwangu mwezi wa Novemba, maana anwani tuliyoacha ni yangu, nikayafungua. Kifaransa changu unakijua, ni cha kuuzia vitenge. Niliona maneno yaliyonitosha: «signature», na «haut risque». Nikajua basi, wanataka ndugu atie sahihi ukatwe tena, na hatari ni kubwa.

Mama alipopasuliwa, baba ndiye aliyetia sahihi. Wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Mama hakutoka kule ndani, na baba hakuacha kuutazama mkono wake mpaka alipokufa. Mimi niliapa kwamba wangu hautasaini karatasi ya hospitali. Nikaficha bahasha sandukuni. Ulipopiga simu kuuliza, nikakujibu tena kwa furaha: "Balipima, bakakuta kila kitu iko sawa. Kaa na banafunzi bako." Ukanishukuru sana. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Juma lililopita wakapiga simu kutoka kwa daktari, wakiuliza mbona hukurudi. Nikabeba bahasha mpaka kwa Gaston, muuguzi wa hapa mtaani. Akaisoma mara mbili.

"Mama Mianda, hapa habaombe muntu atie signature. Ile signature iko mu nyama yenye balikata."

Akanieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Ndani ya uvimbe kuna alama ndogo zisizoonekana kwa macho, kwenye jeni. Wataalamu huzisoma kwa pamoja, nazo ndizo wanaziita sahihi, maana kwa hizo ugonjwa unajitambulisha. Wako umejitambulisha kuwa ni wa kurudi mapema. Wengi wenye alama hizo hawaishi miaka mingi wakiachwa hivihivi. Karatasi iliomba jambo moja tu: kila miezi mitatu upigwe picha na kupimwa damu, ili ugonjwa ukianza tena ushikwe ungali mdogo. Mimi nimekunyima miezi saba.

Nilimuuliza kama wakati bado upo. Akasema hajui. Nilitamani anidanganye hata kidogo, akakataa.

Na mwezi uliopita ulinitumia habari kwamba ubavu wa kuume unakuchoma. Nikakujibu ni baiskeli, upunguze kubeba mizigo. Hata siku ile sikulifungua sanduku. Ni ujinga wangu, na woga wangu, wala sina wa kumtupia lawama.

Daktari anakungoja Jumatatu tarehe 30. Panda mtumbwi wa kwanza mpaka Bukama. Mimi nitatangulia kwa treni, na unavyoijua treni yetu kwa kuchelewa, nitaondoka mapema. Tutaendelea pamoja mpaka Lubumbashi. Wakitaka sahihi safari hii, nitatia.

Karatasi yenyewe nimeiweka humu, maana tangu mwanzo haikuwa yangu. Mpe Tshiala barua hii aisome yote, naye nilimdanganya. Gaston anakusalimu. Wabusu watoto, hasa Abdias.

Mungu aliyekutoa hai mikononi mwa wapasuaji akushike mpaka Bukama. Usinisamehe kwa barua, mdogo wangu. Njoo unigombeze mpaka uchoke. Ninachoogopa ni kukosa wa kunigombeza.

Dada yako mkubwa akupendaye, ingawa hakustahili kuaminiwa,

Yaya Mianda