Kiti Chenye Meno

Mama Dama,

Wamenipa tena zile pikipiki mbili. Mhariri anataka nizilinganishe upya, ile nyekundu na ile ya kijivu, na safari hii si mwendo peke yake. Anataka na gharama za kukaa nazo: mafuta, tairi, spea, bima, na zitauzika vipi zikichoka. Zote bado ni za Omari wa Kisauni, anayewakodishia watu wa safari ndefu. Aliponiona hakungoja salamu ziishe. "Wallahi, bwana, wewe umeniua! Kila mteja akija huniuliza, hii ndiyo yenye meno? Kisha achukua ile nyingine." Alikuwa anacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Maneno yale yalikuwa yako. Tulikuwa tumeshaipita Mariakani, mimi mbele, wewe nyuma, kama kila mara nilipopewa pikipiki kubwa ya kujaribu. Ulinigonga begani, nikapunguza mwendo, ukaniinamia sikioni: "Baba Dama, kiti hiki kina meno." Nilicheka peke yangu. Tulipofika Voi niliyaandika kabla hayajanitoka, yakawa kichwa cha makala. Wasomaji waliyapenda, na mpaka leo wapo wanaoyarudia. Hawajui kuwa ni yako, kwa sababu niliandika tu kwamba nilikuwa na abiria.

Pale Voi tulibadilishana na Omari, aliyekuwa akitufuata na ile ya kijivu. Kabla ya kupanda ulimeza vidonge viwili vya maumivu, ukakunja leso yako, ukaikalia. Nilikuona. Njia yote ya kurudi Miritini hukusema neno, na huo ukimya wako niliuhesabu kuwa alama kwa ile ya kijivu.

Mtu anayelinganisha vitu viwili ana sharti moja la kwanza: abadilishe kitu kimoja tu, mengine yabaki yalivyokuwa. Nimewafundisha vijana wa chumba cha habari sharti hilo mpaka wamenichoka. Siku ile nilibadilisha pikipiki, vidonge na leso kwa pamoja, kisha nikakihukumu kiti.

Miezi michache baadaye daktari alituonyesha picha ya uti wako wa mgongo. Alisema uvimbe ulioonekana pale haukuanza jana. Akauliza kama uliwahi kulalamika. Ulinitazama. Mimi nikaitazama picha. Ukamjibu, "Hata. Nilinyamaza tu." Dama alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wako mkononi. Alichosikia ni hicho, na tangu siku hiyo ndicho anachokijua: kwamba mama yake aliumwa akamficha.

Dama ndiye aliyekaa nyuma safari hii. Sikumwomba, alisema gari lake liko kwa fundi na Jumamosi yake haina kazi. Ana kimo chako, na uzito wako wa siku zile. Nilipanga kila kitu sawasawa: njia ile ile, mizigo ile ile, hakuna leso wala vidonge. Tulianza na nyekundu. Tulipofika Voi akashuka, akajinyoosha, akakipigapiga kiti kama anayemsifu punda. "Baba, hiki? Ndicho ulichokitukana? Mimi nilitaka kusinzia. Ulikitia chumvi bwana!"

Nilimwambia pengine Omari amekibadilisha. Nilijua hajakibadilisha, nilikuwa nimeshamuuliza.

Haya, matokeo, maana ulipenda kuyasikia kabla ya wasomaji. Nyekundu, yenye silinda nne, bado inayapita malori ya Mazeras bila kuteremsha gia, na ukiijaza mabegi yake matatu haiyumbi. Inakunywa petroli zaidi, na fundi akitaka kufikia valvu lazima avue nusu ya maganda yake ya plastiki kwanza, kwa hivyo unalipia kazi ya siku nzima. Ya kijivu ina silinda mbili. Ni nyepesi, inakula kidogo, na fundi yeyote mwangalifu anaiweza. Lakini inatetema mpaka vioo vinaonyesha malori mawili palipo na moja, na mnyororo wake unatafunwa na chumvi yetu ya pwani. Omari hamalizi kuununua. Nyekundu haina mnyororo, inazungushwa na chuma kilichofungiwa ndani ya mafuta. Ukijumlisha yote kwa miaka aliyokaa nazo, hazipitani sana, na kwa safari ndefu ya watu wawili ningechukua nyekundu. Mara ya kwanza niliandika kinyume chake. Kilichoiangusha kilikuwa kiti tu.

Wakati wa kurudi tulisimama Mariakani kunywa chai. Dama alimega mahamri akayaacha. "Baba, kuumwa ni aibu? Si mama angesema tu? Hata angekuambia wewe mgongo unamuuma, si ungempeleka?" Nikasema, ndiyo, ningempeleka. Akasema, "Basi alitufanya wageni." Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuzungumza, Mama Dama. Mahojiano ya mawaziri nimeyafanya bila kusita. Mimi nilimuuliza breki za nyuma amezionaje.

Wiki ijayo watu wanakwenda Kaloleni kulijengea kaburi lako. Simenti imenunuliwa, ndugu zako wamekubaliana siku. Dama amekataa. "Nendeni nyinyi. Mimi hakuniona wa kuambiwa." Dada yako alimsema, akamwita mtoto asiye na shukrani, mbele yangu, sebuleni kwangu. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikunywa.

Makala nimeipeleka, na chini yake nimeandika kwamba kiti cha nyekundu hakikuwa na kasoro, kosa lilikuwa langu. Mhariri alipiga simu kuuliza kama kweli nataka kuuharibu utani uliopendwa hivyo. Nikamwambia achape. Lakini hiyo ni haki ya Omari. Dama hajawahi kusoma ukurasa wa magari, na hata angeusoma, hapo hakuna pahali palipoandikwa kuwa ulisema.

Ulisema. Ulisema barabarani, kwa sauti, kwa mtu aliyekuwa karibu nawe kuliko wote, kisha mbele ya daktari ukajitwika wewe ili mimi nisiaibike. Sikukuomba, na sikukukatalia.

Sasa hivi Dama yuko jikoni, anakaanga samaki na kugombana na sufuria zako. Nitamwambia kabla hatujala, kwa sababu tukishakula nitapata kisingizio. Nitamwambia mahali uliposema, maneno uliyosema, na nilichoyafanyia. Akikasirika sitamtuliza. Kama atakwenda Kaloleni na mimi nibaki, na iwe hivyo. Mwenzako wa kukaa karibu nawe siku hiyo ni yeye.

Pumzika, Sidi. Samaki wameanza kunukia. Naweka kalamu, nainuka.

Baba Dama