Gramu Tatu za Manjano

Kibiti, 29 Juni 2024

Dada Maimuna,

Nina jambo sijamwambia mtu, hata mama. Ule unga wako wa manjano uliouficha koponi jikoni kwetu, somo Mwanamkuu aliutia kwenye singo ya kumsugulia bibi harusi, binamu Muzdalifa, akidhani ni manjano ya kupikia, nami nilimwona. Shikamoo. Nisamehe nimetanguliza hili kabla ya salamu.

Nilifungua mdomo nimkataze. Akasema, "Haya, msomi kaja! Fomu siksi umemaliza, mume je? Kaa, sugua miguu." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaza, acha singo iharibike, naye aaibike kidogo. Nikasugua. Nilidhani itabaki rangi tu. Bibi harusi alipotolewa juani, akafura malengelenge uso na miguu. Kwa mume wameleta neno: hawamtaki.

Naandika kwa karatasi kwa kuwa simu ni ya mama.

Mdogo wako, Faudhia

Dar es Salaam, 3 Julai 2024

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Umebaki kiasi gani?

Miaka miwili nachora molekuli kwenye kompyuta: ncha moja itoe elektroni, nyingine ivute, ili mwanga usioonekana ukipita ndani utoke wa kijani. Kumi na tisa zilishindwa. Kwenye fuwele zililala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, nguvu zikafutana. Hii ya ishirini ndiyo pekee iliyolala vichwa upande mmoja. Gramu tatu! Niliitoa maabara bila ruhusa, wenzangu wasinipore. Ikijulikana nafukuzwa. Basi waache waseme ni somo. Malengelenge hupona. Kilichobaki nitumie kwa basi. Ukinyamaza nitakutafutia nafasi huku, ujifunze kuchora nami.

Dada yako

Kibiti, 9 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Natumai afya njema. Zimebaki kama punje mbili za mchele, nimezituma. Malengelenge yamepona, yameacha mabaka meusi. Muzdalifa kageuza kioo ukutani. Somo kafunda maharusi miaka thelathini, sasa hakuna anayemwita. Watoto wanamzomea, "Sumu! Sumu!" Nimwambie mama ukweli? Nijibu upesi.

Mdogo wako

Dar es Salaam, 28 Agosti 2024

Faudhia,

Msalimie mama. Punje zilitosha. Tulizipiga leza, ukutani likatokea doa la kijani, nikalia. Nafasi yako ipo, njoo Oktoba. Uliniuliza kitu, nimesahau nini.

Dada yako

Kibiti, 2 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa nafasi, nimeshashona sketi mbili. Leo somo alipita na mzigo kichwani, anarudi kwao Mohoro. "Faudhia mwanangu," akasema, "ulikuwepo. Mwambie mama yako kopo lile nililikuta jikoni kwenu."

Mama akanigeukia. Nikasema, "Alikuja nalo mwenyewe, mkobani."

Somo aliuweka sawa mzigo wake. Alinitazama, akasema, "Mungu akufaulishe," akaenda zake.

Wewe uliniambia ninyamaze tu. Hilo la mkobani nimelitunga mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Tafadhali dada, usimwambie mtu.

Mdogo wako