Dagaa Juu ya Paa la Basi

Musoma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Njombe? Na bibi, mguu umepoa? Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa jua. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "ndiyo mama", nawe unabaki na wasiwasi kwamba usaili wa chuo cha mapishi nao umenishinda, kama ule wa kwanza nilipoulizwa jina nikalia. Nitafika huko.

Tulitoka Mwanza Jumatatu kwa lile basi dogo kuukuu ambalo baba mkubwa aling'oa viti akaweka kitanda na jiko la gesi. Safari ya saa chache tumeifanya siku tatu, maana tangu astaafu udereva hataki kuharakishwa. Bunda tulilala mtaa wa Manyamanyama kwa rafiki yake, nikalishwa ugali wa muhogo mpaka nikaomba radhi. Butiama tulikaa kwenye miamba kutwa nzima. Mama mkubwa alifua hata mapazia ya basi.

Jumatano jioni tukafika ziwani, karibu na Musoma. Baba mkubwa akachagua mchanga safi kuliko wote. "Pamefagiliwa utadhani walijua tunakuja," akasema, akaegesha.

Asubuhi wazee wakaenda kutafuta maziwa, ufunguo wa kuwashia basi ukiwa mfukoni mwa baba mkubwa. Mlango ukagongwa. Nje kulikuwa na akina mama sita, kila mmoja na beseni la dagaa wabichi kichwani. Nilitamani kujifungia. Mkubwa wao akasema bila ukali, "Binti, hapa hapalalwagi. Hapa tunaanikaga dagaa. Mmelala kwenye sahani yetu."

Nikamweleza habari ya ufunguo. Akatazama jua, akatazama beseni. Dagaa wakichelewa kuanikwa wanaoza, na ndio chakula cha nyumba zao. Mama, sijui sauti ilitoka wapi.

"Paa letu ni pana," nikasema. Hata kumwamkia nilikuwa sijamwamkia.

Wakacheka mpaka mabeseni yakatikisika. Nikapanda ngazi ya nyuma, wakanirushia nyavu, nikatandika na kuanika. Baba mkubwa aliporudi alitaka kuliondoa gari. Yule mama akamwambia, "Utaondoka wakikauka, shemeji." Tukashinda hapo hadi jioni, na mama mkubwa akapata mashoga sita.

Ijumaa niliingia kwenye usaili hapa mjini na gauni langu la kanisani, kumbe lina harufu. Mwalimu akanusa, akauliza nani amekuja na dagaa. Nikanyoosha mkono. Akaniambia nisimame nieleze, nikaeleza yote, tangu mchanga hadi paani. Mwishoni akauliza jina, nikalitaja.

Wamenichukua, mama. Naomba cheti changu cha kuzaliwa, kipo kwenye sanduku lako la vitenge.

Msalimie bibi, shangazi wa dukani, na mdogo wangu. Mwambie ziwa halina ng'ambo ukilitazama. Kifurushi hiki ni dagaa wa paani, yule mama alinifungia mwenyewe. Wakaange na nyanya. Nami nikipiga simu Jumamosi, niachie nafasi, nina mengi ya kusema.

Jina langu unalijua, lakini naliandika.

Mwanao,
Tumaini