Utando wa Ng'washi

Nansio, 4 Februari 2024

Mwanangu Ng'washi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Sisi wazima. Mama yako Bernadeta analalamika goti, ila akisikia ngoma goti linapona. Ule utando wako wa kuchujia maji, uliotengeneza huko maabara, umefika na ndoo zake. Mwanangu! Maji ya ziwa yanaingia rangi ya uji, yanatoka yanameremeta. Mimi niliyefika Kampala na Kisumu, nikala meza moja na matajiri, sijaona maji kama haya. Nimempiga mama yako marufuku kuchemsha. Amalize kuni za nini na kazaa mtaalamu? Zile tando mbili za ziada nimewapa jirani yetu Kashindye na Revocatus wa mashine ya kusaga, nikawafundisha mwenyewe kuzitunza. Darasa la saba nililikimbia, lakini kufundisha najua.

Baba yako, Mashimba

Dar es Salaam, 20 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Mama mpe pole ya goti. Mimi mzima, ila usingizi haba. Uliuliza kwenye simu utando unachujaje. Ni plastiki nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Nikiiweka chini ya hadubini naona vitundu vimejaa kama kwenye sifongo, vidogo hivi kwamba hata kidudu cha kipindupindu kinakwama. Profesa amechungulia akasema, "Hapa umeweza." Acha nami nijisifu, si damu yako? Kila wiki mwagieni maji safi juu yake, basi.

Binti yako, Ng'washi

Nansio, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu za maana sina. Tangu upande meli baada ya matanga ya mama yako, nyumba imekuwa kubwa mno. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na karatasi hainisikii. Daktari alisema kipindupindu, na wewe ulimsikia. Sasa watu wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha dagaa, wananong'ona kwamba ni maji yetu. Nimewajibu, "Chezeni na mengine, si hadubini ya Ng'washi!" Nikiwa peke yangu siwezi kusema hivyo.

Nakutumia utando wetu kwa Pius, karani wa meli. Uuangalie, uniambie kweli, usinionee huruma. Niliutunza kuliko kanzu ya padri: kila mchana niliutandaza mchangani kando ya dagaa, ukakauka kau, maana kitu kikilala na maji kinaoza. Kashindye na Revocatus nao niliwafundisha hivyo.

Baba yako

Dar es Salaam, 19 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Unakula? Jana niliposema kwenye simu kwamba utando umepasuka kwa kukaushwa, na wote waache maji hayo mara moja, simu ikakatika. Kwa hiyo naandika. Utando huu hauvumilii kukauka. Ukikauka, vitundu vinajikunja na plastiki inapasuka. Kwenye hadubini nimeona nyufa ambamo vidudu vinapita kwa makundi, na kando ya ufa mmoja, gamba la dagaa. Hapa maabara tunauhifadhi ndani ya maji. Hakuna asiyejua, ndiyo maana sikuwaza kuwaandikia. Mimi niliyekua nikigeuza dagaa mchangani, sikuwaza! Kosa ni langu, baba. Usilibebe.

Binti yako

Nansio, 27 Aprili 2024

Mwanangu Ng'washi,

Nakula, usiogope. Simu sikuikata, iliniponyoka. Siku ile ile nilikwenda kwa Revocatus, akanipa utando wake. Watoto wake wazima. Kashindye nilimkuta mwaloni, anautandaza wake juani. Nikamwambia, "Jirani, lete hicho, kinaua." Akacheka: "Jirani Mashimba, si ulisema ni dawa ya dunia nzima?"

Nikamweleza mbele ya wote: kwamba mwalimu wa kukausha ni mimi, na Bernadeta aliacha kuchemsha kwa amri yangu. Kosa tugawane, mwanangu, usinidhulumu fungu langu. Na kazi usiache.

Kashindye aliacha kucheka. Akauangalia ule utando mkononi mwake, akaniuliza polepole, "Na hiyo hadubini, jirani, inamwona Bernadeta?"

Watu wakanigeukia wasikie nitasema nini, kama walivyozoea.

Nikanyoosha mkono, akaniwekea utando wake.

Baba yako