Viazi vya Kreti ya Kuchomwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Kikohozi cha mdogo kimetulia? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Usinicheke mwandiko, madarasa yangu ni yale yale matatu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umesema shamba la viazi limeoza lote ndani ya wiki, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na kwamba umemtuhumu wifi yako kuwa ndiye aliyetia sumu, mpaka amefungasha vyake akahama.

Juzi pale maabara, nikiwa naosha vioo, nilimuuliza bosi wangu, yule mtaalamu wa magonjwa ya mimea, ni kitu gani huozesha viazi haraka namna hiyo. Akanitania kwamba leo nimetupa ufagio nimeshika elimu, akanikalisha kwenye darubini. Nikaona uzi mwembamba, ndani yake vidoa vinang'aa. Akaniambia huo ni ukungu wa majini, na kila kidoa ni kiini. Kiini kimoja kinajigawa viwili, viwili vinakuwa vinne, vyote ndani ya uzi mmoja bila ukuta kati yake, kama ndugu waliojazana chumba kimoja. Kisha huota kifuko. Kikipata maji ya baridi kinapasuka, na kila kiini kinatoka na kimwili chake chenye mikia, kinaogelea kutafuta pa kushambulia. Nikauliza kama kiazi kinaweza kuonekana kizima kumbe kimebeba ugonjwa.

Akasema, "Mama, hicho ndicho kibaya zaidi. Mtu anakipanda mwenyewe."

Mwanangu, ile mbegu ya viazi niliyokutumia sikuinunua sokoni kama nilivyokwambia. Niliitoa hapo maabara, kwenye kreti ya kuchomwa, ile ya viazi vya majaribio vinavyosubiri kuteketezwa. Vilikuwa safi, havina hata doa, nikaona dhambi kuteketeza chakula wakati wewe huna cha kupanda. Nikakuchagulia vile vilivyojaa vizuri.

Mfuate wifi yako, umsomee barua hii yote, umwombe radhi. Mabaki yafukie chini kabisa, usimpe mtu hata kimoja. Nami Jumatatu namweleza bosi. Akinifukuza, sina la kusema.

Nisalimie wajukuu zangu. Ukikasirika, kasirika, lakini niandikie.

Ni mimi mama yako, niliyetaka ushibe.