Maneno ya Mzee wa Darajani

Mgeta, 3 Machi 1996

Mpwa wangu Anselmi,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi ndiyo yanayoniamulia niende wapi. Mama yako anakusalimu. Njegere zimekubali mwaka huu.

Dereva wa lori la mboga ameniambia kwamba kwenye kibanda chenu cha video imefika sehemu ya pili ya ile picha niliyoitazama nilipokuja Kihonda, wewe umesimama mbele ukitafsiri. Niandikie ikoje. Hasa yule mjomba wa stelingi, mzee aliyemshika bega pale darajani akamwambia, "Nenda mwanangu, nimekuruhusu. Ukoo utapata mtu mwingine." Yu hai? Mpwa wake alirudi?

Na lile letu je? Wazee wanauliza kama unarudi kushika nafasi yangu na shamba la ukoo. Wewe ndiwe mtoto wa kwanza wa dada yangu, na kwetu mjomba hurithiwa na mpwa. Jibu la hapana sijalikubali.

Mjomba wako,
Gervas


Kihonda, 19 Machi 1996

Mjomba, shikamoo.

Pole na magoti. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kutafsiri.

Sehemu ya pili ina helikopta tatu, na risasi haziishi. Ile ya kwanza stelingi alikuwa na kisu kimoja na njaa. Alipovuka mto tulivuka naye, hata muuza maandazi alilia. Huyu wa sasa shati halichafuki. Vijana wanapiga miluzi, wakitoka nje wameshasahau. Mtu asiyechoka nitamwonea huruma ya nini?

Kuhusu yule mzee, nimeandika na kuchana karatasi mbili. Humu amekuwa adui. Kumbe ndiye aliyemuuza stelingi tangu mwanzo, na stelingi anamlipua na gari lake. Kibanda kizima kilinigeukia: "Ansi, si ulisema mjomba wake?" Nikawaambia huyu ni pacha. Wananicheka mpaka leo.

Ukweli ni kwamba hakuwa mjomba wake. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Kikipungua natia maneno yangu. Lakini siku ile hakikupungua. Nilikuona umekaa benchi la mbele, na yale niliyotamani uniambie nikampa yule mzee ayaseme. Nisamehe. Kulima siwezi, Mjomba, na kukwambia hivyo usoni nilishindwa.

Mpwa wako,
Anselmi


Kihonda, 2 Juni 1996

Mjomba, shikamoo.

Miezi miwili na zaidi sina neno lako. Dereva anasema anakuona kanisani, kwa hiyo si ugonjwa, ni mimi. Kama una hasira nikaripie, nitavumilia. Ukinyamaza hivi hata kazi hainiendei. Juzi adui kaongea weee, mimi nimesimama tu, watu wakanizomea.

Mpwa wako,
Anselmi


Mgeta, 24 Juni 1996

Mwanangu Anselmi,

Marahaba. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nabishana na wazee, na wazee wetu unawajua, neno moja wanalitafuna mwezi mzima.

Mimi nilijua tangu siku ile. Yule mzee alishafunga mdomo, wewe bado unasema, tena unanitazama mimi, televisheni umeipa kisogo. Nikajifanya sikuelewa, maana mtu akikubali kwamba amesikia, inabidi ajibu. Kwa barua yangu ya Machi nilitaka useme mwenyewe. Umesema.

Jumapili tulikutana, mama yako akiwepo. Nimemkalisha mdogo wako Yohana kwenye kigoda changu, kisha nimemtembeza mipaka ya shamba yote, kwa magoti haya haya. Mama yako alilia, nami nililia, sikufichi. Nafasi ile nilipenda iwe yako tangu ulipozaliwa.

Hapa hakuna tena atakayekuuliza unarudi lini. Ukipanda mlima sasa, unakuja kututazama tu. Basi panda, mwanangu. Nimekukosa sana.

Mjomba wako,
Gervas